Kukimbia Asubuhi katika Msitu wa Pugu: Faida, Utaratibu na Wajibu Wetu

Wakazi wa mji wa Kisarawe hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mahali pa mazoezi. Kando ya mji wetu upo msitu wa hifadhi wa Pugu-Kazimzumbwi, ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Kila mwisho wa juma huonekana vijana, watumishi na hata wazee wakikimbia au kutembea humo. Makala haya yanaeleza kwa nini njia hiyo inapendwa, namna ya kuitumia, na jambo linalotupasa ili idumu.

Utamu wa kwanza wa njia hii ni kivuli. Anayekimbia kandokando ya barabara ya lami hupigwa na jua mapema na kuvuta moshi wa magari. Ndani ya msitu hewa hubaki na ubaridi kwa muda mrefu zaidi, na udongo hupokea mguu kwa upole kuliko lami. Vilima navyo vina kazi yake: kupanda huimarisha moyo na mapaja, kushuka humfundisha mtu kupima hatua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki. Nusu saa kwa siku, siku tano, inatosha kutimiza kiwango hicho.

Anayeanza asione haya kutembea. Akimbie kidogo, atembee, kisha akimbie tena. Kipimo ni chepesi: ukiwa na mwenzako na huwezi kumaliza sentensi moja bila kuhema, umezidisha mwendo. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua amwone kwanza mtaalamu wa afya. Wakati wa masika udongo wa vilimani huteleza; heri kuchelewa kufika kuliko kuteguka kifundo.

Utaratibu wa kuingia ni huu: mgeni hupitia langoni, hujiandikisha na kulipa kiingilio kwa namba ya malipo ya Serikali. Asiingie peke yake, achukue maji yake, na arudi na chupa yake.

Anayepunguza mwendo huona mengi. Msitu huu ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, na humo huishi komba wa Rondo, mmoja wa komba wadogo na walio hatarini zaidi kutoweka duniani. Huishi pia sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu asiyetulia. Yapo mapango yaliyochimbwa na binadamu katika udongo mweupe wa kaolini, ambayo sasa ni makazi ya popo; jioni hutoka kwa makundi makubwa kwenda kutafuta chakula.

Lakini kivuli hicho hakikujileta chenyewe, wala hakina hakika ya kesho. Kwa miaka mingi miti ya Kazimzumbwi ilikatwa kwa ajili ya mkaa uliopelekwa Dar es Salaam, na mashamba yakasogea ndani ya mipaka. Hasara yake haikuishia kwa mkimbiaji. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu. Mlima wenye miti hunywa mvua taratibu. Mlima mtupu huiachia yote kwa mara moja, pamoja na udongo, na walio bondeni Dar es Salaam hupokea maji yaliyochafuka na mafuriko.

Mkimbiaji naye ana sehemu yake. Anapokata kona ili kufupisha mteremko, nyasi hufa, mvua hufuata alama za viatu vyake, na baada ya misimu michache pale palipokuwa na mkato huwa korongo. Basi tupite njia iliyowekwa, tusiwashe moto, na tutoe taarifa kwa walinzi wa msitu au serikali ya kijiji tunapoona tanuri la mkaa.

Njia tunayoipenda asubuhi ndiyo inayolinda maji ya jirani zetu. Tukiitunza, watoto wetu nao watakimbia kivulini.