Maji ya Mvua: Tupange Njia Kabla ya Kununua Tanki

Hapa Mpanda mvua huanza karibu na Novemba na kukoma Aprili au Mei. Kisha huja kiangazi, na ndoo hazitui kichwani. Wengi wetu tuna paa la bati, lakini maji yake humwagika uani tu.

Sisi wauguzi tunaojua uchungu wa kuhara na homa ya matumbo tunawasihi: kabla ya kununua tanki, pangeni njia ya maji kutoka batini hadi kikombeni. Tanki zuri halisafishi maji yaliyoingia machafu.

Kwanza, hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa linalofunika mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hushusha lita 800. Mengine hupotea, hesabuni 640. Familia ya watu 6 wanaotumia lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupikia huhitaji lita 30 kwa siku. Tanki la lita 5,000 lililojaa litawatosha siku 166, mradi maji yake yasifulie nguo.

Pili, gata. Ziinamie tanki sentimita 1 kwa kila mita, maji yasituame.

Tatu, maji ya kwanza hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Fundi aweke bomba la kugeuzwa. Mvua ikinyesha baada ya siku kavu, jazeni kwanza ndoo mbili za lita 20 za kumwagilia mchicha, ndipo mwelekeze bomba kwenye tanki.

Nne, mdomo wa tanki na bomba la kutolea ziada viwe na wavu wenye matundu madogo, mbu wasitage humo. Bomba la ziada lisiwe jembamba kuliko la kuingizia.

Tano, koki iwe sentimita 10 juu ya kitako cha tanki, tope libaki chini. Msingi uwe imara, kwani lita 5,000 ni uzito wa tani 5, nao uinuke kiasi cha ndoo kuingia chini ya koki. Kikombe kisichovywe ndani.

Hata hivyo, maji ya kunywa yachemsheni na kuyafunika.

Mwenye kipato kidogo aanze na gata moja na pipa lenye mfuniko. Njia ya maji ni ile ile, na tanki litafuata.