Uchakavu au Uchapaji Hafifu? Upangaji wa Madaraja ya Sarafu za Heller 20 za Tabora, 1916

1.0 Utangulizi

Ukusanyaji wa sarafu umezoeleka kuhusishwa na dhahabu na fedha. Hata hivyo, sarafu za thamani ndogo ndizo zilizopita katika mikono mingi zaidi, na ndizo zinazobeba alama nyingi za matumizi. Makala haya yanafafanua namna sarafu hizo zinavyopangwa katika madaraja ya ubora, kwa kutumia mfano wa heller 20 zilizochapwa Tabora mwaka 1916. Hoja kuu ni kwamba daraja haliwezi kukadiriwa kwa kutazama kilichofutika peke yake. Sharti kwanza ijulikane sarafu ilichapwaje.

2.0 Usuli wa Heller 20

Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, rupia moja ilikuwa na pesa 64 hadi mwaka 1904, ilipoanza kugawanywa katika heller 100. Kutokana na jina hilo, Kiswahili kilipata neno hela, ambalo leo humaanisha fedha kwa jumla. Sarafu za heller zilichapwa Ujerumani, zikiwa na herufi A kwa Berlin au J kwa Hamburg. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata njia ya bahari, sarafu zilianza kuchapwa katika karakana ya reli mjini Tabora. Humo zilitoka heller 5, heller 20 na sarafu ya dhahabu ya rupia 15, zote zikiwa na herufi T. Mji huo ulitekwa na majeshi ya Ubelgiji mwezi Septemba 1916.

Heller 20 zilichapwa kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Aidha, wakusanyaji huzigawa kwa ukubwa wa taji na kwa umbo la ncha za herufi L katika neno HELLER.

3.0 Kipimo cha Madaraja

Kipimo kinachotumika zaidi, cha 1 hadi 70, kilitolewa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za mwanzo za Marekani. Namba 1 ni sarafu inayotambulika kwa shida. Kuanzia 60 ni sarafu isiyo na uchakavu. Awali namba hizo zilikusudiwa pia kuonesha uwiano wa bei. Hivyo, kipimo hiki kilitokana na sarafu ndogo, lakini sarafu za mahali pengine na za mitambo mingine. Kukihamishia Tabora bila tahadhari huzaa makosa.

4.0 Uchakavu na Uchapaji Hafifu

Uchakavu ni upotevu wa madini baada ya sarafu kuanza kutumika. Huanzia sehemu zilizoinuka, huzilainisha na kubadili rangi yake, ilhali mabonde yaliyo kati ya herufi hubaki na mng'aro. Uchapaji hafifu ni kasoro ya kiwandani: madini hayakujaza muhuri wa chuma ipasavyo. Sehemu iliyokosa umbo huweza kubaki na mikwaruzo ya kipande cha madini kabla hakijachapwa. Mihuri ikiwa imekutana kwa kuinama, udhaifu huonekana mahali pamoja katika nyuso zote mbili. Vilevile, ufa wa muhuri huacha mstari uliotuna juu ya sarafu, ilhali mkwaruzo huacha mstari uliozama.

Tofauti hii ina uzito kwa mtafiti. Taji lisilo na maelezo kamili likichukuliwa kuwa limechakaa, sarafu hushushwa daraja na bei yake. Zaidi ya hayo, mwanahistoria anaweza kuhitimisha kwamba sarafu ilizunguka sokoni kwa muda mrefu, kumbe ilitoka karakanani ikiwa hivyo.

5.0 Athari za Usafishaji

Kusugua shaba kwa ndimu na majivu hufaa kwa sinia, si kwa sarafu. Majivu hukwaruza uso, na asidi huondoa utando ambao ni ushahidi wa umri. Katika shaba ya manjano, asidi huweza kuyeyusha zinki ya juu na kuacha wekundu, hata sarafu ikadhaniwa kuwa ya shaba nyekundu. Kwa hiyo rangi pekee si kigezo cha kutosha. Njia salama zaidi ni kupima uzito hewani na majini ili kupata msongamano: shaba tupu hukaribia gramu 8.9 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali shaba ya manjano kwa kawaida huwa kati ya 8.4 na 8.7.

6.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonesha kwamba upangaji wa heller 20 unapaswa kufuata hatua tatu kwa mpangilio: kubainisha madini na aina ya muhuri, kutenga kasoro za uchapaji, kisha ndipo kukadiria uchakavu. Sarafu iliyosafishwa itajwe hivyo katika kumbukumbu badala ya kupewa namba pekee. Mpangilio huu ukigeuzwa, namba itakayopatikana itakuwa inapima hali ya mitambo ya Tabora, wala si maisha ya sarafu baada ya kutoka humo.