Fedha za Kundi: Nani Hutangulia Kulipwa?

Vijana wanne wa Yamoto Band, Aslay, Beka Flavour, Enock Bella na Mbosso ambaye wakati ule tulimjua kwa jina la Maromboso, walikuwa wamelelewa Temeke katika kituo cha Mkubwa na Wanawe chini ya Said Fella. Mwaka 2017 kila mmoja akaanza kusikika peke yake. Aslay alitoa wimbo juu ya wimbo, na Januari 2018 Mbosso akatambulishwa kama msanii wa lebo ya WCB Wasafi. Mashabiki waliachiwa kazi ya kukisia kwa nini kundi lilivunjika. Hata huku kwetu Kagera, kuanzia vijiwe vya bodaboda Muleba hadi saluni za Kashai na Hamugembe, majibu yalikuwa tayari: meneja kawala, mmoja kavimba kichwa, wamegombea mwanamke, kampuni imefilisika.

Kazi yangu ni kusoma mikataba na hesabu za watu wa sanaa. Siwezi kusema nani alimkosea nani Temeke, na makala hii haimtuhumu mtu. Ninachoweza ni kueleza fedha ya kundi inavyotembea, kwa sababu makisio mengi huanzia mahali pasipo sahihi: watu hutazama fedha iliyoingia, wakati ugomvi hukaa kwenye mpangilio wa nani hutangulia kulipwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Promota wa Bukoba anawaita vijana wanne waje kutumbuiza sikukuu kwa shilingi 20,000,000. Habari zinaenea mjini kwamba vijana wamevuna milioni 20. Lakini kuna nauli ya ndege, kuna hoteli, kuna wacheza shoo, DJ na mavazi. Tuseme gharama hizo ni 6,000,000. Zinabaki 14,000,000. Menejimenti ina asilimia 40, yaani 5,600,000. Salio ni 8,400,000, na kila kijana anapata 2,100,000.

Sasa badilisha kifungu kimoja tu. Mkataba useme asilimia 40 ya menejimenti inakatwa kwenye fedha yote kabla ya gharama. Menejimenti inachukua 8,000,000, gharama zinachukua 6,000,000, na vijana wanne wanagawana 6,000,000 iliyobaki, 1,500,000 kila mmoja. Shoo ni ileile na umati ni uleule. Kila kijana amepoteza 600,000 kwa sababu ya mstari mmoja ambao huenda hakuusoma, au alisomewa haraka akiwa na njaa ya kusikika redioni. Hakuna aliyeiba. Ndiyo maana ukimuuliza meneja atakuapia kwamba alilipa kila senti, na ukimuuliza kijana atakuapia kwamba ananyonywa, na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Halafu kuna deni. Lebo inapomchukua msanii hulipa studio, video, kodi ya nyumba, chakula, pengine hata gari la kutembelea. Mashabiki huona zawadi, lakini mara nyingi mkataba unasema fedha hizo zitarudishwa kutoka kwenye mapato yake kabla hajagusa mgawo wake. Sisi wa Kagera tunalijua jambo hili kwa jina la butura. Mkulima wa Kamachumu au Nshamba aliyebanwa na ada ya shule mwezi Januari huuza kahawa ingali maua. Mnunuzi humkabidhi fedha leo, na kahawa ikiiva mavuno ni yake kwa bei iliyopangwa siku ile ya shida. Serikali imepiga vita butura kwa miaka mingi, na vyama vya ushirika vimepiga kelele, kwa sababu kila mtu anaona mkulima anavyoumia pale bei inapopanda. Msanii aliyesaini akiwa hana jina, kisha akawa na jina, anasimama mahali palepale. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa butura ana uhakika wa kupata kahawa kiasi fulani, lakini lebo inaweza kutumia fedha kwa vijana kumi, kisha akatoka mmoja tu. Kwa hiyo sehemu kubwa inayodaiwa na lebo si uroho mtupu. Inalipia pia wale tisa ambao hatukuwasikia. Haki inapotea pale ambapo deni halina kikomo wala daftari.

Turudi kwenye ule mfano, maana hapa ndipo makisio ya mashabiki hupotoka zaidi. Mmoja wa wale wanne anaanza kuitwa peke yake kwa 10,000,000, nusu ya bei ya kundi. Gharama zake ni 3,000,000. Menejimenti inachukua asilimia 40 ya 7,000,000 iliyobaki, yaani 2,800,000. Yeye anabaki na 4,200,000, mara mbili kamili ya alichokuwa anapata ndani ya kundi. Hakuhitaji kugombana na mtu. Na menejimenti je? Kama wote wanne wangepata soko la namna hiyo, asilimia yake ingekuwa 11,200,000 badala ya 5,600,000. Kumbe kuvunjika kwa kundi kunaweza kumfaa hata yule anayetuhumiwa kulivunja, na vilevile kunaweza kutokea bila yeye kutaka. Fella mwenyewe alikuwa miongoni mwa mameneja wa WCB pale Mbosso alipoingia huko, jambo ambalo haliendani na simulizi la uadui mtupu. Wanaoumia ni wale ambao soko halikuwapokea kwa bei ya mwenzao. Ndani ya kundi la mfano wetu mgawo ulikuwa sawa kwa sawa, na nje ya kundi kila mtu anapimwa peke yake. Hao ndio ninaowafikiria kila ninaposikia watu wakishangilia kwamba fulani amejitoa.

Jina nalo ni mali. Kundi la TMK Wanaume lilipogawanyika katikati ya miaka ya 2000, upande mmoja ulibaki TMK Wanaume Family na upande wa Juma Nature ukawa TMK Wanaume Halisi. Kila upande ulijua kwamba promota analipia neno lililoandikwa kwenye bango. Tanzania Bara alama ya biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na aliyesajili jina la kundi anaweza kubaki nalo hata kama hajawahi kushika maikrofoni.

Kuhusu umiliki wa nyimbo zenyewe, Kagera ina mfano mkubwa kuliko wote. Saida Karoli aliimba kwa Kihaya, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wimbo wa Maria Salome ukapita mipaka ya mkoa, ukapita na mipaka ya nchi. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa Salome iliyojengwa juu ya wimbo huo, na Bukoba nzima ikauliza: Saida amepata nini? Swali hilo lina majibu mawili tofauti, kwa sababu ndani ya wimbo mmoja mna haki mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na sauti zilivyopangwa. Kuna haki ya rekodi, yaani kile kilichonaswa studio, ambacho mara nyingi ni cha aliyelipia studio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda zote mbili. Anayetaka kuimba upya anazungumza na mwenye utunzi. Anayetaka kutumia kipande cha rekodi ya zamani anazungumza na mwenye rekodi pia. Kama msanii alitia saini kuhamisha haki hizo, simu itapigwa kwa mtu mwingine, na wimbo utavuma tena huku mwenye sauti akisikiliza redioni kama sisi.

Kwa mashabiki wa muziki wa Korea Kusini mambo haya si mageni. Mwaka 2009 watatu kati ya watano wa kundi la TVXQ waliishtaki kampuni yao, SM Entertainment, kwa kuwafunga kwa mkataba wa miaka 13, na mwaka huohuo tume ya ushindani ya nchi hiyo ikatoa mkataba wa mfano wenye ukomo wa miaka 7. Ndiyo sababu makundi mengi ya huko hutikisika yakifika mwaka wa saba. Mwaka 2023 kundi la Fifty Fifty, waliokuwa wametoka tu kuvuma na wimbo wa Cupid, waliipeleka kampuni yao Attrakt mahakamani wakidai, pamoja na mambo mengine, kwamba hesabu hazikuwa wazi. Mahakama ilikataa ombi lao la kusimamisha mkataba, mmoja akarudi, watatu wakaondolewa. Kampuni kubwa za huko, kama HYBE na SM, ziko kwenye soko la hisa na lazima zitangaze hesabu zao. Shabiki mwenye subira anaweza kuzisoma.

Kwetu lebo nyingi ni kampuni binafsi au ni mtu na simu yake. Hesabu hazitangazwi. Tunajifunza kiasi pale tu mtu anapoondoka: Harmonize alipotoka WCB mwaka 2019 alisema hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500, na Rich Mavoko mwaka 2018 alipeleka malalamiko yake BASATA, baraza la sanaa. Kundi la Sauti Sol wa Nairobi walichagua njia nyingine. Mei 2023 walitangaza kwamba wanasimama, wakafanya ziara, na Novemba wakaaga jukwaani. Uvumi haukupata chakula kingi.

Hata hivyo shabiki hana haja ya kukisia kila kitu. Fungua wimbo kwenye Spotify au Apple Music, tazama chini ya albamu: kuna alama ya herufi P ndani ya duara, na baada yake jina la mwenye rekodi. Jina likibadilika kutoka lebo kwenda kwa msanii mwenyewe, huenda umiliki umehama. Tazama chaneli ya YouTube ya kundi ni ya nani, maana fedha ya matangazo mara nyingi huingia kwa mwenye chaneli. Usiugeuze wingi wa watazamaji kuwa shilingi: watangazaji hawalipi sawa kwa mtazamaji wa Muleba na mtazamaji wa Marekani. BRELA unaweza kuulizia kama kampuni imesajiliwa na nani ni wakurugenzi wake, kwa ada ndogo.

Vijana wa Muleba na Bukoba wanaoniletea mikataba yao huniuliza asilimia. Mimi huwaomba waanze na vifungu vinne ambavyo mara nyingi havimo kabisa: asilimia inakatwa kabla au baada ya gharama, deni lina kikomo gani, taarifa ya hesabu inatolewa kila baada ya miezi mingapi na nani anaruhusiwa kukagua vitabu, na kundi likivunjika jina linabaki kwa nani. Meneja anayekubali kuviandika hivyo vinne kwa asilimia 40 nitamshauri kijana asaini naye, nami nitamwacha yule anayetaka 20 na hataki kuandika.