Wakili Huyu ni wa Nani?

Neno wakili tumelirithi kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe ili alisimamie kwa niaba yake. Wasomali wa Balambala, kando ya Mto Tana, juu ya mji wa Garissa, humwita qareen. Nalo ni neno la Kiarabu, na huko lilikotoka maana yake ni mwandani, anayefuatana nawe.

Hata hivyo, kuna wakili asiyefuatana na mfugaji wa Balambala. Huyu ni wakili wa makampuni, aliye Nairobi leo na London kesho. Huandika mikataba ya kutafuta mafuta, leseni za madini na mikopo ya kujengea mitambo ya umeme. Na ugomvi ukizuka, huenda kuutetea upande wake mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, mbali na ardhi inayogombaniwa. Simlaumu. Taaluma yake ni ngumu, na serikali yetu nayo huihitaji: kampuni ya Cortec, iliyofutiwa leseni ya Mrima huko Kwale mwaka 2013, iliishtaki Kenya katika kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, ikashindwa mwaka 2018.

Swali langu ni la lugha. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yataka mapatano baina ya mwekezaji na jamii yaidhinishwe mkutanoni na thuluthi mbili za watu wazima. Ni kifungu chema. Lakini mtu ataidhinishaje maandishi ya Kiingereza cha mawakili, ambacho hata sisi tuliokisomea hukirudia mara tatu? Katika xeer, sheria ya jadi ya Wasomali, mambo huzungumzwa kwa sauti, wazee wameketi chini ya mti, hadi waridhiane. Heshiis, neno lao la mapatano, limebeba pia maana ya kusuluhishana. Mkataba wetu sisi umetokana na kuandika. Basi mmoja husema tumeandikiana, mwenziwe akasikia tumepatana.

Pengo hilo lina gharama. Mnamo Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, katika Marsabit, hazikutolewa kwa kufuata sheria. Wakati huo mitambo ilikuwa imekwisha kuzalisha umeme kwa miaka.

Garissa ina kituo cha umeme wa jua tangu 2019, na jua la Balambala si hafifu kuliko la mjini. Mwekezaji atakapofika, naamini alazimishwe kumlipia wakili atakayechaguliwa na jamii yenyewe, na mkataba usomwe kwa Kisomali na kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi. Istilahi tunazo: fidia, dhamana, mrabaha. Sheria ya Madini ya 2016 imeitengea jamii asilimia 10 ya mrabaha huo, na mfugaji anastahili kuelezwa hayo kwa lugha yake kabla kidole chake hakijatiwa wino.