Mabadiliko ya Usanifu katika Mashine za Awali za Kukata Nyasi Zinazoendeshwa kwa Kuketi: Mfano wa Cub Cadet, 1961–1966

1.0 Utangulizi
Mashine ya kukata nyasi ilibuniwa Uingereza na Edwin Budding, aliyepata hataza mwaka 1830. Kwa miongo mingi mashine hiyo ilisukumwa kwa mikono au kukokotwa na mnyama. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, familia nyingi za Marekani zilihamia katika vitongoji ambako nyumba zilizungukwa na nyasi, na soko la mashine ndogo zenye kiti likapanuka. Makala hii inafafanua mabadiliko ya usanifu wa mashine hizo kwa kutumia mfano wa Cub Cadet, zilizoundwa na kampuni ya International Harvester. Hoja yake ni kwamba badiliko kubwa halikuwa katika umbo la nje, bali katika njia iliyopitiwa na nguvu ya injini hadi kwenye magurudumu. Badiliko hilo liliirahisisha kazi ya mwendeshaji kabla ya kumlinda.

2.0 Hatua ya Kwanza: Mkanda
Cub Cadet ya kwanza ilikuwa na injini ya Kohler yenye nguvu za farasi 7. Giaboksi yake, yenye gia tatu za mbele na moja ya nyuma, ilitokana na ile ya Farmall Cub, trekta dogo la shambani la kampuni hiyo hiyo. Hivyo basi, mashine hii ilikuwa trekta lililopunguzwa kuliko kuwa kikatia nyasi kilichokuzwa. Hata hivyo, nguvu ilitoka kwenye injini kwa mkanda. Mkanda ni rahisi kuutengeneza na kuubadilisha, lakini huteleza mzigo unapozidi na huchakaa kwa msuguano.

3.0 Hatua ya Pili: Shafti
Mwaka 1963 zilitokea modeli mbili, 70 na 100, yenye nguvu za farasi 7 na 10 mtawalia. Katika modeli hizi mkanda wa kuendeshea magurudumu uliondolewa, na injini ikaunganishwa na giaboksi kwa klachi na shafti. Mkanda ulibaki kuzungusha visu vilivyo chini ya mashine. Utelezi ulikoma, lakini mwendeshaji bado alilazimika kukanyaga klachi kila alipobadili gia au kurudi nyuma.

4.0 Hatua ya Tatu: Mafuta
Modeli ya 123, yenye nguvu za farasi 12, iliondoa ulazima huo katikati ya miaka ya 1960. Ndani yake, pampu inayozungushwa na injini husukuma mafuta kwa shinikizo, nayo mafuta huizungusha mota inayoendesha magurudumu. Kwa wenzo mmoja, mwendeshaji huongeza mwendo, husimama au hurudi nyuma. John Deere nayo ilifuata njia hiyo katika modeli yake ya 140.

5.0 Athari kwa Usalama
Kadiri kurudi nyuma kulivyokuwa kwepesi, ndivyo hatari kwa aliye nyuma ya mashine, hasa mtoto mdogo, ilivyohitaji kudhibitiwa. Modeli za mwanzo hazikuwa na swichi chini ya kiti. Mwendeshaji aliyeanguka aliiacha injini ikinguruma na visu vikizunguka. Mashine za baadaye huzima mwendeshaji anapoondoka kitini huku visu vikifanya kazi, na nyingi husimamisha visu zinaporudishwa nyuma.

6.0 Hitimisho
Uchambuzi huu unabainisha kuwa mkanda, shafti na mafuta ni hatua tatu za kutatua tatizo moja: kufikisha nguvu kwenye magurudumu kwa juhudi ndogo ya mwendeshaji. Aidha, unaonesha kuwa wepesi wa matumizi na usalama havikuenda sambamba. Kwa hiyo, anayekarabati mashine ya kipindi hicho hana budi kutambua kwamba uimara wa chuma chake si ushahidi wa usalama wake.