Ukimya wako kati ya wapenda miti si ugonjwa, lakini jichunguze

JE, wewe ni mmoja wa wale waliojiunga na kundi la wapenda miti lakini mpaka leo hawajafungua mdomo? Hukosi matembezi ya Jumamosi katika msitu wa Karura jijini Nairobi. Unawasikiliza wenzako wakibishana kuhusu jinsi ya kutambua mugumo, unabeba miche, kisha unarudi nyumbani. Mwenyekiti akiuliza kama kuna aliye na la kusema, wewe unatazama viatu vyako.

Huenda umeanza kujiuliza kama una haki ya kuwa pale. Pengine hata kuna aliyekutania kwamba wewe ni kupe, unafaidi jasho la wenzako.

Usiharakishe kujilaumu. Mtu anaweza kukaa kimya kundini na bado akapata faida kubwa ya kiafya. Hata hivyo, kuna kimya cha aina nyingine ambacho kinaweza kukudhuru, na ni muhimu uweze kukitambua.

Wachache husema, wengi hufuata

Kwanza fahamu kwamba hauko peke yako. Katika takriban kila kundi, wanaosema ni wachache na wanaosikiliza ni wengi.

Mfano mmoja wa kale unapatikana hapa hapa Kenya. Mnamo 1922, Richard St. Barbe Baker, ofisa wa misitu kutoka Uingereza, alishirikiana na Chifu Josiah Njonjo kuandaa ngoma ya miti huko Muguga. Vijana walikusanyika kwa maelfu, lakini waliochaguliwa kuapa kwamba watapanda na kuilinda miti walikuwa 50 tu. Wakaitwa Watu wa Miti. Chama kilichoanzia hapo baadaye kilienea hadi nchi nyingi za dunia.

Je, wale wengine waliotazama tu walikuwa wamepoteza wakati wao? La. Ngoma isiyo na watazamaji haina maana, na kiapo hupata uzito kwa sababu kuna walioshuhudia.

Vivyo hivyo kwa vuguvugu la Green Belt alilolianzisha Profesa Wangari Maathai mnamo 1977, siku ilipopandwa miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Jina lake ndilo tunalolikumbuka, na ndilo lililotajwa alipotunukiwa tuzo ya amani ya Nobel mwaka wa 2004. Lakini mamilioni ya miti iliyofuata ilitunzwa na wanawake wa vijijini ambao hawakuwahi kuhutubia mkutano wowote. Walilipwa kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche uliokua. Hotuba haikuwa sehemu ya hesabu hiyo.

Mti haukudai maneno

Upande wa afya nao una ushahidi wake. Mtaalamu wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha mnamo 1984 uchunguzi kuhusu wagonjwa 46 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa kuondoa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania. Nusu yao walilazwa katika vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti. Wengine dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali.

Waliotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za kutuliza maumivu mara chache zaidi. Wagonjwa hao hawakupanda mti wala kuujadili. Waliutazama tu kutoka kitandani.

Mnamo 2019, wachunguzi waliowahoji karibu watu 20,000 nchini Uingereza walibaini kwamba wale waliotumia angalau dakika 120 kwa juma wakiwa kwenye bustani, misitu au ufuoni walielekea zaidi kusema wana afya njema na wameridhika na maisha. Haikujalisha kama dakika hizo zilitumiwa kwa siku moja au ziligawanywa.

Uchunguzi wa aina hii hauthibitishi kwamba ni miti pekee iliyoleta afya hiyo, kwa kuwa mtu mwenye afya pia ana nguvu za kutembea. Hata hivyo, saa mbili kwa juma si jambo gumu kwako. Na ukiwa unatembea kwa mwendo wa haraka, utakuwa umeshapunguza sehemu kubwa ya zile dakika 150 za mazoezi ambazo Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kwa mtu mzima kila juma.

Kimya cha anayejifunza

Kuna kimya ambacho ni shule. Mwaka wa 1991 wataalamu wawili, Jean Lave na Etienne Wenger, walichapisha kitabu kuhusu jinsi watu wanavyojifunza kazi. Miongoni mwa waliowaeleza ni mafundi wa cherehani nchini Liberia. Kijana anayeingia karakana hiyo hapewi mkasi akate kitambaa. Huanza na kazi ndogo ndogo za mwisho kama kushona vifungo na kupinda upindo, huku akimtazama fundi. Anayekaa pembeni, wakasema, tayari ni mshiriki halali.

Makundi ya watu wanaotaka kuacha pombe yanalijua hili kwa muda mrefu. Mgeni huruhusiwa kuja na kusikiliza tu. Siku moja husikia mtu akisimulia maisha yanayofanana na yake, na hapo ndipo safari yake ya kupona huanza.

Kwa hiyo, kama unanyamaza kwa sababu bado unajifunza kutofautisha mwerezi na msonobari, nyamaza kwa amani. Utasema wakati wako ukifika.

Kitu ambacho kimya hakikupi

Lakini kuna pengo. Nchini Uholanzi wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa wa saratani ya matiti, baridi yabisi na maumivu sugu ya misuli waliokuwa katika makundi ya kusaidiana kwa maandishi. Matokeo yao yalichapishwa mnamo 2008. Waliosoma tu bila kuchangia walipata maarifa na ujasiri karibu sawa na waliochangia. Tofauti ilijitokeza katika jambo moja hasa: wale wakimya hawakupata kwa kiasi hicho faraja ya kuwa na watu wao.

Jambo hilo si dogo. Mnamo 2025, tume ya WHO iliripoti kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Mkazi wa jiji anaweza kuishi katika ploti yenye familia 40 na bado asiwe na mtu hata mmoja wa kumpigia simu usiku akiugua.

Kwa hivyo jiulize: katika kundi lako la miti, kuna mtu anayelijua jina lako? Ukikosekana Jumamosi mbili mfululizo, kuna atakayeuliza uko wapi? Kama jibu ni hapana, miti inakufaidi lakini watu bado.

Kimya cha hofu

Wengine hunyamaza kwa sababu wanaogopa. Moyo unadunda, jasho linatoka viganjani, sauti inakauka. Wengi wetu huhisi hivyo kidogo tukiwa mbele ya watu, na huko si kuugua.

Ikiwa hofu hiyo imeendelea kwa miezi sita au zaidi, na inakufanya ukwepe mikutano, kazi au hata arusi ya jamaa, basi huenda ni tatizo la wasiwasi ambalo lina matibabu. Mwone daktari au mshauri nasaha.

Aidha, kama zamani ulikuwa msemaji na sasa umenyamaza, hupati usingizi, hamu ya chakula imepotea, na mambo uliyoyapenda hayakuvutii tena kwa majuma mawili au zaidi, usiseme umechoka tu. Hizo ni dalili za mfadhaiko, nao hutibiwa. Ukipata mawazo ya kujidhuru, mweleze mtu wa karibu siku hiyo hiyo na uende hospitalini.

Kimya cha hatari

Kimya kibaya zaidi ni cha mtu aliye na swali kuhusu mwili wake na hathubutu kuliuliza. Katika makundi ya wapenda miti, mazungumzo hayakosi kugusia dawa. Mmoja atasema mwarobaini huponya malaria, mwingine atasifu magome. Wanaosema huulizwa maswali na kusahihishwa. Aliyenyamaza huenda nyumbani na kuchemsha alichosikia.

Chukua mfano wa mzee wa miaka 58 anayeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo. Anaona haya kulitaja. Anasikia kwamba magome ya muiri, ambao kwa jina la kitaalamu ni Prunus africana, husaidia wanaume. Ni kweli kwamba dawa kutokana na magome hayo hutumiwa Ulaya kupunguza dalili za kuvimba kwa tezi kibofu. Lakini magome hayo hayatibu saratani ya tezi hiyo, na dalili zinaweza kufanana. Ni daktari tu anayeweza kuzitofautisha kwa vipimo. Mzee huyo akinywa kimya kimya kwa mwaka mzima, huenda akafika hospitalini akiwa amechelewa.

Mti wenyewe umeumia pia. Kwa sababu ya kuchunwa magome ovyo, tangu 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi imewekewa masharti chini ya mkataba wa CITES.

Mwarobaini nao si wa kuchezea. Mafuta yake yamewahi kuwaletea watoto wachanga degedege na madhara makubwa baada ya kunyweshwa. Homa ya mtoto hupimwa damu zahanati, haikisiwi. Nawe kama una mimba au unatumia dawa za kisukari au shinikizo la damu, mweleze daktari kuhusu miti shamba yoyote unayokunywa.

Ufanye nini?

Si lazima ugeuke kuwa mhubiri. Jaribu haya:

1. Fika mapema kwa dakika kumi. Ni rahisi kumsalimu mtu mmoja kuliko kuwahutubia watu thelathini.

2. Omba kazi ya mikono. Anayechimba mashimo au kubeba maji hupata wa kuzungumza naye bila kutafuta maneno. Vaa viatu vilivyofunika miguu, na unawe mikono kwa sabuni baada ya kushika udongo.

3. Chagua mti mmoja wa kuutunza. Ukiulizwa habari zako, utakuwa na la kueleza: umeota majani mangapi, umeliwa na mbuzi au la.

4. Uliza swali moja. Likihusu dawa, liulize tena kwa daktari au mfamasia kabla ya kumeza chochote.

Nanyi viongozi wa makundi, msiwainue watu kwa nguvu wajitambulishe. Msiwafute orodhani ati hawachangii. Wapeni kazi, jifunzeni majina yao, na asipoonekana mmoja, mtumeni mtu amjulie hali.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wewe ndiwe unayejua kilichomo ndani ya kimya chako. Kama ni raha ya kivuli na hamu ya kujifunza, endelea kukaa. Kama ni maumivu, huzuni au swali kuhusu dawa, basi Jumamosi ijayo mvute mwenzako mmoja pembeni umweleze, na Jumatatu uende kliniki.