Eda ya Mama

Siku ya tano baada ya kumzika mumewe, mwenzetu mmoja kazini alikuwa mezani kwake, anapokea simu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa siku 4 za kufiwa, naye akazimaliza zote kwa kupokea wageni na kurudisha sufuria za watu. Nilipompa pole akanijibu, "Nimeshapoa."

Sikumwamini. Nimewahi kuona mtu akipoa.

Mama yangu alikaa eda Tanga, kwetu Ngamiani. Qur'ani imempangia mjane miezi minne na siku kumi. Kwa miezi mwandamo, ni kama siku 128. Mwenye mimba hungoja hadi ajifungue. Mjane hajitii manukato, hina wala wanja. Mengine tumeyaongeza wenyewe: tunamficha kioo, tunamfungia ndani hata akiugua, ilhali wanazuoni wengi wanamruhusu kutoka mchana kwa haja kama matibabu au riziki. Mjane anayeteswa kwa jina la eda huniuma sana, na siwezi kuisifu eda bila kulisema hilo.

Lakini nilikiona kilichotendeka chumbani mle. Kila baada ya alasiri wanawake wa mtaani waliingia, wakakaa mkekani, wakachambua mchele. Hawakumhimiza aseme. Mwezi wa pili alilia kuliko siku ya mazishi, nao wakaendelea kuchambua. Mwezi wa tatu mama mdogo akamletea chai. Akaionja, akaisukuma kando.

"Usinitilie sukari tena. Sukari ile ilikuwa ya shemeji yako."

Miaka 31 ya ndoa! Sisi wanawe hatukujua, na nadhani hata yeye ndiyo kwanza alikuwa anajua. Tangu jioni ile maneno yakafunguka. Akataja shule aliyoachishwa ili aolewe. Akataja kinyongo alichokuwa nacho kwa baba, kisha usiku, juu ya msala, baada ya Isha, tukamsikia akimwombea maghufira na kumsamehe, jambo moja baada ya jingine, kwa sauti, kama anayelipa madeni. Hakuna aliyemkatiza.

Mwenzetu yule ni Mkristo. Hana eda ya kukaa, na kwake tanga lilianuliwa siku ya tatu. Jumamosi hii nakwenda. Nitabeba mchele na ungo.